Nyasi Inayobaki

Ukiingia duka la pembejeo kutafuta dawa ya magugu ya kunyunyiza uwanjani, muuzaji atakuuliza kwanza unataka kuua nini. Fundi ninayemsimulia hapa, mzee anayetunza uwanja wa gofu katika nyanda za juu za Limuru, swali hilo huliacha la mwisho. Yeye huanza na nyasi itakayobaki. Nimemfuata kazini mara nyingi, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoamini kwamba sehemu kubwa ya ustadi wake imo katika kuanzia hapo.

Lebo nyingi za viuagugu huandikwa kuwa dawa ni salama kwa nyasi. Mzee husoma maneno hayo na kuuliza, nyasi ipi? Huku kwetu ziko angalau tatu ambazo watu huzipanda na kuzikata. Pwani utakuta nyasi za Pemba, Stenotaphrum dimidiatum, zenye majani mapana na uvumilivu wa kivuli cha miembe na minazi. Penye joto na jua la kutwa kuna ukoka, Cynodon dactylon, mwembamba na mgumu wa kukanyagwa. Na Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuna kikuyu.

Chupa moja huzitendea nyasi hizi mambo tofauti kabisa. Dawa ya 2,4-D, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, huvumiliwa na ukoka na kikuyu ikipimwa sawasawa. Lakini Stenotaphrum secundatum, ndugu wa nyasi za Pemba anayepandwa sana Florida na Australia, huumizwa nayo, hasa jua likiwa kali. Anayetunza bustani ya nyasi za Pemba ana kila sababu ya kuijaribu kwanza kwenye kipande kidogo pembeni, akasubiri wiki mbili tatu, kabla ya kujaza pampu. Kisha iko traiklopiri. Hii inaua klova na oksalisi vizuri kuliko nyingi, na nyasi za nchi za baridi kama feskyu huivumilia bila shida, ndiyo maana vitabu vya huko huisifu. Ukiinyunyizia kikuyu, nyasi yenyewe hubadilika rangi na kudhoofika pamoja na magugu uliyoyakusudia.

Na si kwa bahati mbaya. Kule California traiklopiri ni mojawapo ya dawa zinazotumiwa makusudi kuiangamiza kikuyu. Nyasi hii iliyozaliwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikapewa jina la watu wa hapa, ilipelekwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 ili ishike udongo wa kingo za mitaro. Ikashika udongo, kisha ikashika na viwanja vya jirani, na leo imo katika orodha ya serikali ya Marekani ya magugu mabaya. Jiji la Los Angeles lina uwanja maarufu wa gofu wa Riviera ambao njia zake za mpira ni za kikuyu hii hii, na watunzaji wake wanailinda kwa bidii ile ile ambayo wenzao wa viwanja vingine wanaitumia kuing'oa. Mzee anapenda kusikia habari hiyo. Inampa fahari, na inathibitisha anachowafundisha vijana wake: gugu halijulikani kwa sura wala kwa jina la kisayansi, hujulikana kwa mahali lilipo na kwa nani analitaka.

Nimejifunza kwake kuitazama kikuyu kwa macho mengine. Jina lake la kisayansi la zamani, Pennisetum clandestinum, linataja ua lililofichwa, na kweli maua yake hukaa ndani ya ala ya jani, chini ya kimo cha kisu cha mashine. Unaweza kukata uwanja wote leo na kesho asubuhi ukaukuta umefunikwa na nyuzi nyeupe nyembamba zenye chavua. Mbegu hubaki pale chini, salama. Mmea wa namna hiyo, unaotambaa juu ya ardhi na chini yake, ukishiba mbolea na kukatwa kwa wakati hauyaachii magugu nafasi kubwa. Kwa hiyo magugu yakionekana kwenye kikuyu nene, mzee hachukui pampu. Anauliza ni nini kimeidhoofisha nyasi yake pale.

Hapo ndipo anapopiga magoti. Anakwenda na kisu kidogo, chupa ya maji na daftari, anachagua mraba mmoja mmoja wa uwanja na kuusoma. Penye Eleusine indica, yule jamaa wa ulezi anayekaa bapa na kuangaza rangi ya fedha katikati ya shina, anajua udongo umekanyagwa hadi umekuwa mgumu. Kisu kinakataa kuingia. Penye ndago anajua maji yanatuama, au bomba la umwagiliaji linavuja. Penye klova anajua nitrojeni imepungua, kwa kuwa klova inajitengenezea ya kwake na kikuyu haiwezi. Huyo Eleusine ananigusa kila nimwonapo. Ni mmoja wa wazazi wa ulezi tunaosaga kwa uji, na nyanda hizi za Afrika Mashariki ndizo zinazotajwa kuwa chimbuko la zao hilo. Kwenye njia ya mpira hana heshima yoyote.

Siku moja alimwita kijana wake wa kazi pembeni mwa bwawa, palipokuwa na majani ya kijani kibichi yaliyopita kimo cha nyasi siku mbili tu baada ya kukatwa.

"Kijana, hii ni nini?"

"Ni nyasi, mzee."

"Ing'oe, uizungushe kwenye vidole."

Kijana akaizungusha. Shina halikuzunguka laini. Lilikuwa na pembe tatu. Akatabasamu. "Ndago."

"Ndago gani?"

Hilo kijana hakulijua, na mzee alimwonyesha bila haraka. Ziko mbili zinazosumbua viwanja. Cyperus esculentus ina majani yanayochongoka polepole hadi ncha ndefu nyembamba, na viazi vyake vidogo huota kimoja kimoja kwenye ncha za mizizi. Cyperus rotundus ina ncha ya jani iliyokatika ghafla, maua ya rangi ya zambarau iliyoiva, na viazi vyake vimefuatana kama shanga kwenye uzi, vichungu ukivitafuna. Alichimba taratibu akautoa uzi mzima na kuuweka kwenye kiganja cha kijana. Hii ndiyo iliyokuwa pale bwawani.

Tofauti hiyo inaamua chupa. Bentazoni hufanya kazi nzuri kwa ile ya kwanza na hushindwa kwa ya pili. Mtu asiyejua atanunua bentazoni kwa kuwa lebo imetaja ndago, atanyunyiza, majani yatakauka kidogo, na baada ya muda uwanja utakuwa vilevile na fedha zimekwenda. Kwa Cyperus rotundus mzee anachagua halosalfuroni, ambayo kikuyu na ukoka huivumilia, na sababu aliyompa kijana naona inafaa kuandikwa kwa ukamilifu.

Ndago hii haifi kwa kuumizwa majani. Ukiing'oa kwa mkono, kiazi kilichokuwa juu ya uzi na kuvizuia vingine visiote kinaondoka, na vile vilivyolala chini vinaamka. Kwa hiyo dawa inayotakiwa si ya kuunguza. Ni ile inayoingia kwenye jani kimya, ikasafiri na chakula cha mmea kuteremka mizizini hadi kwenye viazi. Halosalfuroni huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kutengeneza amino asidi tatu, valini, lusini na isolusini. Bila hizo, chembe hai mpya haziwezi kujengwa. Kimeng'enya hicho hakimo katika miili ya wanyama. Mmea haudondoki. Unasimama pale ulipofika, unaanza kuwa njano baada ya wiki moja au mbili, kisha kahawia. Asiye na subira huona dawa haijafanya kitu, akarudia kwa kipimo mara mbili, na hapo ndipo anapoumiza nyasi yake.

Mambo yanayofuata yote yanatokana na safari hiyo ya dawa ndani ya mmea. Mzee hunyunyiza ndago ikiwa na majani matatu hadi manane, kwa maana ikiwa changa zaidi haina jani la kutosha kupokea, na ikikomaa imeshajaza viazi vipya. Hakati nyasi siku mbili kabla wala siku mbili baada, ili jani liwepo na dawa ipate muda wa kushuka. Hamwagilii saa chache za mwanzo. Anaongeza kiasi kidogo cha sabuni maalumu ya kushikisha dawa, kwa sababu jani la ndago lina nta na tone la maji matupu huteleza likaanguka. Na anajua tangu mwanzo kwamba atarudi baada ya wiki sita hadi kumi kwa viazi vilivyokuwa vimelala mara ya kwanza.

Kipimo ndicho kilichonifanya nimheshimu zaidi. Halosalfuroni huuzwa kama unga wenye asilimia 75 ya dawa yenyewe, na kipimo cha juu kwa uwanja ni kama gramu 70 za dawa kwa hekta. Piga hesabu: kwa mita mraba 100 huo ni unga usiofikia gramu moja. Kifuniko cha chupa hakiwezi kupima kitu hicho, wala jicho. Mzee ana mizani ndogo ya aina wanayotumia wauza dhahabu na viungo, ameifungia kabatini, na hakuna mwingine anayeigusa.

Gramu ikishapimwa lazima ienee sawa, na hapo ndipo wanyunyizaji wengi huanguka. Nozeli zina rangi zinazokubaliwa kimataifa: ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika kwenye mgandamizo wa baa 3, ya buluu lita 1.2, nyekundu lita 1.6. Mtu akitembea mita moja kwa sekunde, akifunika upana wa mita moja kwa nozeli ya buluu, mita mraba 100 zitamchukua sekunde 100 na lita 2 za maji, yaani lita 200 kwa hekta. Lakini pampu ya mgongoni haishiki baa 3 mkono ukichoka. Ikishuka hadi baa 2 ile lita 1.2 inakuwa takriban lita moja. Kwa hiyo mzee haamini jedwali. Anajaza maji matupu, anawatembeza vijana kwenye sakafu ya saruji iliyopimwa kwa chaki, mmoja mmoja, kwa hatua zake mwenyewe na mkono wake mwenyewe, kisha anapima maji yaliyopungua. Kila kijana ana namba yake kwenye daftari. Mrefu anayekwenda haraka anachanganyiwa tofauti na mfupi anayekwenda polepole, na wote wawili wanaweka gramu ile ile ardhini. Sijaona mahali pengine ambapo mwendo wa mtu umeheshimiwa kiasi hicho.

Magugu ya majani mapana hayampi kazi kubwa, na sitakaa nayo sana. Mwaka 1944 Paul Marth na John Mitchell, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, walionyesha kuwa 2,4-D inaweza kuondoa dandelion kwenye uwanja wa nyasi na nyasi zikabaki, na tangu hapo dawa za kundi hilo zimekuwa kila mahali. Zinaiga homoni ya ukuaji ya mmea. Gugu hukua ovyo, shina likajipinda, likajimaliza. Uangalifu wa mzee hapa uko kwa majirani. Ng'ambo ya uzio kuna mashamba madogo ya watu yenye maharagwe na nyanya, na mimea hiyo hukunja majani kwa kiasi kidogo mno cha 2,4-D kilichopeperushwa. Anachagua ile ya chumvi ya amini badala ya esta, kwa kuwa esta hugeuka mvuke hata baada ya kunyunyizwa na kusafiri yenyewe. Anafanya kazi asubuhi upepo ukiwa umetulia, matone yakiwa makubwa, na kwenye ukanda wa mita kadhaa karibu na uzio magugu hung'olewa kwa mkono. Mama mwenye shamba la karibu zaidi huambiwa siku moja kabla. Katika lebo hakuna sharti la kumwambia mama huyo, lakini kwa mzee hiyo ni sehemu ya kazi.

Klova yenyewe mara nyingi haimwagii kitu. Trifolium semipilosum ni ya kwetu, imeota pamoja na kikuyu kwenye nyanda hizi tangu kabla ya viwanja kuwepo, na pembeni mwa njia za mpira anaiacha ilishe udongo. Katikati ya njia anaweka mbolea ya nitrojeni na kikuyu inaifunika yenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Dawa inayoweza kuepukwa kwa mfuko mmoja wa mbolea haikustahili kununuliwa.

Vitabu vya kazi hii vimeandikwa kwenye nchi zenye majira ya baridi, na mzee amevisoma kwa makini ya mtu anayejua pa kuvikataa. Vinasema dawa ya kuzuia mbegu iwekwe wakati udongo unapopata joto la nyuzi 12 au 13, kwa kuwa hapo ndipo mbegu za magugu ya mwaka mmoja huamka. Udongo wa Limuru haushuki chini ya hapo kwa muda wa kuleta maana. Vinasema pia kwamba glaifoseti inaweza kunyunyizwa juu ya ukoka uliolala wakati wa baridi. Hapa nyasi hailali kiasi hicho. Saa ya mbegu zetu ni mvua. Basi pendimethalini yake huingia uwanjani siku chache kabla ya masika na tena kabla ya vuli, ikafuatiwa na maji ya kuiteremsha kwenye tabaka la juu la udongo ambamo mbegu ya Eleusine itaanzia maisha. Haiui mbegu, inazuia mzizi mchanga kugawanya chembe zake.

Na kwa sababu hiyo hiyo haimwagi penye mapengo yaliyopandikizwa karibuni. Kikuyu iliyopandwa kwa vipande vya mashina yanayotambaa inahitaji kuteremsha mizizi mipya, na pendimethalini haitambui mzizi wa nani. Kwa sehemu kama hizo ipo oksadiazoni ya chembechembe, inayokamata chipukizi linapotokeza juu na kuiacha mizizi ifanye kazi yake, mradi majani yawe makavu wakati wa kuimwaga, maana ikishika kwenye jani bichi huliunguza. Dawa mbili za kuzuia gugu moja, na linaloamua ni umri wa nyasi chini ya mguu wako.

Kabla hajanunua chochote huangalia kwenye lebo namba ya usajili wa PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa hizi, ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, na namba ya kundi la utendaji: 2 kwa halosalfuroni, 3 kwa pendimethalini, 4 kwa 2,4-D, 9 kwa glaifoseti, 14 kwa oksadiazoni. Namba za makundi anazipanga kwenye daftari ili kundi moja lisirudiwe msimu baada ya msimu kwa gugu lile lile. Eleusine imeshajenga usugu dhidi ya dawa za kundi la 3 huko Marekani na dhidi ya glaifoseti huko Malaysia, na mbegu zake hubebwa na viatu, magari na magurudumu ya mashine za kukatia. Usugu ukishaingia uwanjani, chupa iliyokuwa na thamani inakuwa maji.

Liko gugu moja ambalo limemshinda kwa chupa, naye hulisema waziwazi. Ni sangari, Digitaria abyssinica, ile ile inayowatesa wenye kahawa. Nayo ni nyasi inayotambaa chini kwa chini, yenye tabia karibu sawa na kikuyu, na hana dawa anayoiamini ya kuiua hiyo na kuiacha hii. Kila mwaka wauzaji humletea kitu kipya. Anakiweka kwenye kipande cha majaribio nyuma ya ghala, anapiga picha kila wiki, na bado hajakipeleka uwanjani. Anachofanya ni kuizungushia kamba, kupaka glaifoseti kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ili tone lisiguse nje ya kamba, kusubiri ichipue tena, kupaka tena, kisha kuchimba na kuchekecha udongo ili atoe kila kipande cha mzizi. Mwishoni anapandikiza kikuyu kutoka kwenye kitalu chake.

Pale bwawani ndago ilikwisha kuwa kahawia nilipopita mara ya mwisho. Mzee na kijana walikuwa wameacha pampu ghalani wakichimba mfereji wa kutoa maji yaliyotuama, kwa kina cha sururu na changarawe chini yake. Duru ya pili ya halosalfuroni ilikuwa imeshaandikwa kwenye daftari, na mbele ya tarehe kulikuwa na jina la kijana na namba ya mwendo wake.